Ua Dume, Kisu na Tunguu: Kisa cha Kibanja Kilichonyauka Muleba

Kibanja chenyewe kiko wilayani Muleba, mkoani Kagera, kwenye mteremko unaoelekea Ziwa Victoria. Ni cha mama mjane anayelea wajukuu, na hakifiki ekari mbili. Kimepangwa kama vibanja vingi vya Wahaya: migomba ya kupika imeizunguka nyumba, kahawa imekaa chini ya kivuli chake, maharage yanajaza nafasi iliyobaki. Kwenye ukingo wa chini, kando ya njia ya watu, kuna safu ya migomba ya pombe, aina ambayo Waganda huiita Kayinja. Mimi nilifika pale kwa kazi yangu ya ugani, baada ya mama kuona mambo mawili yaliyomtisha.

La kwanza lilitokea kwenye Kayinja. Mkungu uliokuwa bado mchanga ulianza kugeuka njano bila mpangilio. Katika chane moja kulikuwa na vidole vitatu vya njano, vilivyofuata vikiwa kijani kabisa, kisha kimoja cha njano tena. Alipokikata, nyama ya ndani ilikuwa na rangi ya kutu. La pili lilikuja wiki kadhaa baadaye na lilimuumiza zaidi, maana liligusa chakula cha nyumbani. Migomba ya kupika iliyo karibu na jiko, mingi ikiwa hata haijatoa mkungu, ililegea majani mmoja baada ya mwingine.

Nakiandika kisa hiki kwa urefu kwa sababu kinagusa jambo ambalo shuleni hupitiwa haraka mno. Mwanafunzi huchora mmea wenye mzizi, shina, jani, ua, tunda na mbegu, anakariri kazi ya kila sehemu, anafanya mtihani, yamekwisha. Kisha anarudi nyumbani kwenye mgomba ambao kinachoitwa shina si shina, tunda halihitaji chavua, na nusu ya ua haina faida yoyote kwa mwenye shamba. Katika kibanja hiki, kujua sehemu ipi inafanya nini ndiko kulikoamua kipi kikatwe na kipi kiachwe.

Sababu tatu zilikuwa zimekwisha kutajwa kabla sijafika, na kila moja ilitupa lawama kwenye sehemu tofauti ya mgomba. Mama mwenyewe alisema ni kiu. "Vuli imekatika mapema, mwanangu. Mizizi haipati kitu." Alikuwa ameshamwaga samadi na kubeba ndoo za maji. Jirani yake, mzee anayeheshimika kwa migomba yake, alisema ni ugonjwa wa Panama. Mjukuu aliyemaliza kidato cha nne alisema ni fukusi, yule mdudu anayetoboa tunguu, sehemu nene ya mgomba iliyo chini ya udongo. Hakuna aliyesema upuuzi, kwa kuwa yote matatu hudhoofisha na kuua migomba Kagera. Ilibidi kila sehemu ya mmea iulizwe ina ushahidi gani.

Tulianza na kiu, yaani mizizi na majani kwa pamoja, kwani sehemu hizi mbili hufanya kazi moja kutoka ncha mbili. Mgomba hauna mzizi mkuu unaozama chini kama wa mwembe. Mizizi yake huchipuka kwenye tunguu, ikatambaa kwenda kando, na mingi hukaa karibu na uso wa udongo. Inaushikilia mmea na kufyonza maji pamoja na virutubisho vilivyoyeyuka ndani yake. Lakini kazi kubwa ya kuyapandisha maji hayo hufanywa na jani. Upande wa chini wa jani una vitundu vingi visivyoonekana kwa macho. Vinafunguka ili kabonidioksidi iingie, kwa kuwa jani huiunganisha na maji kwa nguvu ya mwanga wa jua na kutengeneza sukari. Vikiwa wazi, mvuke nao hutoka. Maji yanayotoka juu huyavuta yaliyo nyuma yake, na mvuto huo unafuata mirija myembamba kupita maganda, tunguu, hadi mzizini.

Mgomba wenye kiu una namna yake ya kujihami. Jua likiwa kali, pande mbili za jani hujikunja kuelekea chini kando ya uti wa kati ili eneo linalopigwa na jua lipungue. Joto likishuka, jani hufunguka tena. Kwa hiyo mgomba uliotazamwa saa nane mchana haukuambii mengi. Tulikwenda kuitazama alfajiri, umande ukiwa bado haujakauka. Migomba mizima ilikuwa imefungua majani yote. Ile migonjwa ilikuwa imebaki imekunjamana vilevile, rangi imefifia kama majani yaliyomwagiwa maji ya moto. Tulipofunua matandazo, udongo ulikuwa na unyevu. Tulichimba kando ya tunguu na kuosha mizizi: ilikuwa myeupe, imara, haina madoa mekundu wala weusi wa kuoza.

Hapo kiu iliondoka kwenye orodha. Maji yapo, mizizi inayanywa, lakini hayafiki juu. Kizuizi kilikuwa katikati.

Mzee jirani aliposikia hivyo alisema ndiyo hasa Panama inavyofanya, na kwa hilo alisema kweli. Panama ni ukungu wa kwenye udongo. Huingilia mizizini na kuziba mirija ya maji. Ila dalili zake zina mfuatano wake. Njano huanza kwenye majani ya zamani ya nje, kisha hupanda kuelekea machanga. Mara nyingi maganda ya chini hupasuka, na ukikata unakuta nyuzi za rangi ya kahawia inayoelekea wekundu. Tunda haliozi kwa ndani. Hapa majani machanga ya katikati yalikuwa yamelegea wakati ya nje bado kijani, na ndizi zilikuwa na kutu ndani. Kuna hoja nyingine aliyoikubali mzee mwenyewe, kwa kuwa ameishuhudia maisha yake yote: Panama tuliyoizoea ukanda huu huiangusha Kayinja lakini huziacha ndizi za kupika za nyanda zetu. Ugonjwa huu haukuchagua.

Fukusi hatukumchelewesha. Funza wake huchimba njia ndani ya tunguu, mgomba ukadhoofika na mwisho kuanguka na mkungu wake. Tulipasua tunguu la mgomba mmoja ulionyauka na hatukuona njia hata moja.

Ndipo tukakata shina. Nasema shina kwa mazoea tu. Kile kinachosimama juu ya ardhi ni maganda ya majani yaliyokumbatiana, moja ndani ya jingine, yakakazana mpaka yakaweza kusimama. Zaidi ya tisa ya kumi ya uzito wake ni maji. Shina la kweli la mgomba ni tunguu lililo udongoni. Humo ndimo mmea unamoweka akiba ya chakula, ndimo mizizi inamotoka, ndimo machipukizi yanamoanzia. Wakati wa kuzaa ukifika, shina hilo la kweli hurefuka kutoka kwenye tunguu, likapanda katikati ya maganda na kutokeza juu likiwa na ua. Mgomba haushindwi na mkunguwe, husema Waswahili. Mkungu huo umening'inia kwenye shina jembamba la katikati ambalo wengi hawajawahi kuliona, maganda yakiliegemeza pande zote.

Tulikata kwa kulalia, tukasubiri. Ndani ya dakika kumi hivi, kwenye maganda na kwenye shina la katikati, kulijitokeza matone mazito ya ute wa njano iliyopauka. Mgomba mzima ukikatwa hutoa utomvu wa majimaji unaotia nguo madoa, lakini ute ule hautoi. Mama alisogea, akautazama bila kusema kitu, kisha akaenda kuangalia migomba mingine.

Ute ule ni bakteria wenyewe, wa jamii ya Xanthomonas, na ugonjwa ni mnyauko wa bakteria. Taarifa ya kitaalamu kuuhusu ilitoka Ethiopia mwaka 1968, ukiwa kwenye enseti, mmea wa jamaa ya mgomba, na mwaka 1974 ukaripotiwa kwenye mgomba huko huko. Mwaka 2001 uliibuka Uganda, na mashariki mwa Kongo pia. Haukupita muda mrefu ukawa Rwanda na Kagera. Unavyoua ni rahisi kueleza: bakteria huzaliana ndani ya mirija ya maji mpaka ikajaa ute. Mzizi unaendelea kufyonza, jani linaendelea kuvuta, lakini njia imezibwa. Hakuna dawa ya kunyunyizia inayoponya mgomba ulioambukizwa, na samadi haisaidii. Mama alikuwa amebeba ndoo zile bure, na nilisikitika kumwambia.

Swali lililobaki lilikuwa: uliingia wapi? Jibu la hili ndilo linalookoa migomba iliyobaki, kwa hiyo tulilikalia.

Kwenye Kayinja jibu lilikuwa linaning'inia machoni petu. Ua la mgomba hutokeza likiwa limefungwa kwa magamba ya zambarau. Magamba ya mwanzo yanapoinuka, chini yake kuna maua jike, na hayo ndiyo yanayokuwa vidole na kupangika chane kwa chane. Yakiisha, ua haliishii hapo. Mhimili unaendelea kurefuka kuelekea chini, na kila gamba linaloinuka sasa linafunua maua dume: yana mbochi tele, yanawaita nyuki na nzi, lakini hayazai kitu. Porini kazi yake ni kutoa chavua. Kwenye shamba haina maana, kwa sababu ndizi tunazolima hukua tunda bila kurutubishwa, ndiyo maana hatutemi mbegu. Mkulima akishapata chane ya mwisho, ua dume halimwongezei hata kidole kimoja. Linakula tu sukari ambayo ingekwenda kwenye mkungu.

Tena linaacha mlango wazi. Kila gamba na kila ua dume linapodondoka, mahali lilipokuwa hubaki kidonda kibichi, na mirija imekatika hapo. Mdudu aliyetoka kwenye ua gonjwa, miguu na mdomo vikiwa na ute, anatua juu ya kidonda hicho akitafuta mbochi. Bakteria wanaingia, wanafuata mirija kupanda kwenye mkungu, kisha wanashuka na shina la katikati kuelekea kwenye tunguu. Ndivyo tulivyokuta. Kwenye Kayinja zilizougua, ua dume lilikuwa limesinyaa na kuwa jeusi, kikonyo kikikatwa kinatoa ute, na ndizi zimeharibika. Kayinja changa za safu hiyohiyo, ambazo hazijatoa ua, zilikuwa nzima, ingawa mizizi yao inakunywa udongo uleule. Ugonjwa ungekuwa umetoka chini, zingepona vipi?

Si kila aina ina mlango huu. Zipo aina ambazo magamba na maua dume hayadondoki, hukauka yakiwa yameshikilia palepale, hivyo hakuna kidonda kibichi cha mdudu kukanyaga. Kayinja hudondosha vyote, siku baada ya siku, na ndiyo sababu ugonjwa huu huianza mapema.

Migomba ya jikoni ilikuwa jambo jingine. Mingi haikuwa na ua. Isingeweza kuambukizwa na nyuki. Mizizi na tunguu tumeshaviona. Palikuwa pamebaki jani, na jani halitobolewi na bakteria hawa likiwa zima. Lazima mtu alikuwa amelikata.

Nilimwomba mama anieleze nani aliingia na kisu na alianzia wapi. Kabla ya shughuli ya familia, kijana wa kibarua aliitwa kusafisha kibanja. Aliangusha mkungu mmoja wa Kayinja ukingoni, akapunguza majani ya Kayinja jirani zake, kisha akapanda na kisu kilekile hadi jikoni akikata majani makavu na mengine mabichi ya kufunikia chakula. Tulitembea njia aliyopita. Migomba iliyonyauka ilikuwa kwenye njia hiyo, mfululizo, na kila mmoja ulikuwa na makovu ya majani yaliyokatwa. Ile iliyokuwa nyuma ya banda la mbuzi, ambako hakufika, ilikuwa mizima. Kijana hana lawama. Hakuna aliyekuwa amemwambia kwamba uti wa jani la mgomba una mirija ileile inayoshuka ndani ya ganda hadi kwenye tunguu, wala kwamba kisu kinapotoka humo kinatoka na shehena.

Niongeze jambo kuhusu majani mabichi, maana nimeliona vibanja vingi. Mgomba ukishatoa ua hautengenezi jani jingine jipya. Yaliyopo siku hiyo ndiyo yatakayotengeneza sukari ya kujaza mkungu wote. Jani kavu linalegea lenyewe, liondoe. Lakini anayekata manne mabichi kwenye mgomba wenye mkungu, hata kwa kisu safi, amepunguza uzito wa ndizi zake kwa mkono wake.

Sasa kukata. Ushauri wa zamani ulikuwa mkali: mgomba mmoja ukiugua, ng'oa kundi zima, mama, mtoto na mjukuu, pamoja na tunguu lao. Mjane mwenye wajukuu wadogo hawezi kazi hiyo. Na akiiweza, anabaki bila chakula. Tatizo la ushauri ule ni kwamba ulichukulia tunguu kuwa njia iliyo wazi, ukiambukizwa mgomba mmoja basi wote wa kundi hilo wameambukizwa. Utafiti uliofanyika baadaye, ukiwemo wa Kivu, ulionyesha kuwa bakteria hawafiki kwenye machipukizi yote ya kundi. Hasa maambukizi yanapoanzia kwenye ua, yana safari ndefu hadi tunguuni, na mgomba ukikatwa mapema baada ya dalili ya kwanza, wengi wa wanawe husalimika. Kwa hiyo tulikata migomba yenye dalili peke yake, usawa wa udongo, na kuiacha mingine isimame. Tunguu hatukulichimba. Kulichimba kungeleta majeraha mapya kwenye mizizi ya migomba iliyobaki na kulichafua jembe. Mabaki tulirundika mahali pamoja mbali na njia. Mbuzi walifungwa, kwani mbuzi anayetafuna jani gonjwa kisha zima anafanya kazi ya kile kisu.

Visu na mapanga vilipitishwa motoni baada ya kila mgomba mpaka bapa likawa moto wa kutoshikika. Panapokosekana moto, Jik iliyochanganywa na maji hufaa. Kazi hii inachosha na watu huiruka kwenye mgomba wa tano au wa sita, mikono ikishachoka, kwa hiyo tulimpa mjukuu mmoja kazi ya moto tu: hakuna kisu kinachoondoka bila kupita kwake.

Maua dume yote ya Kayinja zilizobaki yalivunjwa, na hayakukatwa kwa kisu. Unachukua fito ndefu yenye panda, unaingiza mhimili kwenye panda chini kidogo ya chane ya mwisho, unasokota hadi unavunjika. Fito haiingii ndani ya mmea kama kisu, kwa hiyo haibebi ute kutoka mgomba hadi mgomba. Wakati wake ni mara tu chane ya mwisho inapokamilika. Ukichelewa, vidonda vimeshakuwa vingi na wadudu wameshapita. Mama aliogopa kwamba mkungu utakonda. Nilimwonyesha ndizi zinavyolishwa: chakula kinashuka kutoka majani, kinapita kwenye shina la katikati na kuufikia mkungu kabla ya ua dume. Kinachoondolewa ni mlaji wa mwisho wa foleni.

Dalili hazikukoma mara moja. Kwa miezi iliyofuata migomba kadhaa iliendelea kunyauka, hasa kwenye njia ya kisu, kwa sababu bakteria walikuwa wamekwisha kuingia kabla hatujafika. Kila uliolegea ulikatwa siku ileile. Kadiri muda ulivyokwenda ilipungua, na makundi mengi yaliyopoteza mama yalileta mkungu kupitia mtoto. Machache hayakurudi kabisa. Kwenye nafasi hizo mama alipanda maharage na kuacha msimu upite kabla ya kurudisha mgomba.

Machipukizi ya kupandia hayakutoka humo kibanjani, na hapa sikukubali mjadala. Chipukizi laweza kuwa na majani membamba yaliyosimama vizuri, mizizi myeupe, na bado likawa limebeba bakteria kutoka kwenye tunguu la mama yake bila dalili yoyote. Macho hayatoshi kulipima. Alipata miche kwa ndugu yake wa kata nyingine ambako ugonjwa haujaonekana, na mingi ni ya aina ambazo ua dume halidondoki.

Panga la kibanja sasa halitoki na la mgeni haliingii. Kibarua akija anapewa la mwenyeji, limepita motoni. Kilichobaki kipo ng'ambo ya njia, kwa yule mzee jirani, ambaye ana Kayinja nyingi kuliko mama na maua dume yake bado yananing'inia. Amekata fito mbili za panda na tumekubaliana kuanza kwake mikungu ya msimu huu inapomaliza chane zake za mwisho.